Nimezibwa magego mawili mjini, nimerudi Wete hata maji ya mtungi siyawezi. Ning'oe au nisubiri?

Bint Mtambwe – Jumamosi, saa 3:20 usiku

Assalaam alaykum. Mie nasomesha skuli ya msingi hapa Wete. Nilikuwa na matundu mawili kwenye magego ya chini, upande wa kulia, yaliyopakana. Hayakuwa yakiniuma ila nikila halua au tende. Hapo hutekenya kidogo kisha hupoa. Likizo hii nilikwenda Unguja kwa harusi ya mtoto wa ami yangu, nikaona niyazibe kabla hayajafika pabaya. Kliniki niliyokwenda walinipokea vizuri. Nikapigwa sindano ya ganzi, wakachonga, wakaziba yote mawili siku ile ile kwa dawa nyeupe inayokaushwa kwa taa ya bluu. Nikatoka mdomo umelala upande mmoja, nimefurahi, nikajua nimemaliza.

Siku ya pili nikapanda meli kurudi Pemba. Humo melini nilikunywa maji ya chupa yaliyotoka kwenye barafu, wallahi nilishika taya kwa mikono miwili. Nikasema labda ni ile barafu. Nimefika nyumbani, maji ya mtungi, ambayo hayana baridi ya kumtisha mtu, yakafanya vile vile. Asubuhi nikifungua mdomo, upepo tu unaniuma. Nikitafuna muhogo upande ule, kuna mahali meno yakikutana pananichoma mpaka sikioni. Na jengine: nyama na mboga zinanasa baina ya yale magego mawili, jambo ambalo zamani halikuwapo, na ufizi wa hapo katikati umevimba kidogo.

Leo ni siku ya 9. Mama anasema jino likishaguswa halitulii tena, niling'oe. Jirani yetu naye aliziba, likamuuma, akang'oa, na anasema ndipo alipopata usingizi. Sina nauli ya kurudi mjini kila wiki, na watoto wa darasa langu wamekaribia mitihani. Nina miaka 31. Sitaki kupoteza magego mawili kwa umri huu, wala sitaki kukaa na kitu kinachooza chini ya dawa. Aliyepitia haya anieleze: hupoa yenyewe, au nimeharibiwa?

Kijana wa Michenzani – Jumamosi, saa 3:41 usiku

Pole dada. Langu lilichukua wiki 3, baridi tu, kisha likaacha lenyewe. Sikufanya lolote. Ila langu halikuwa likiuma nikitafuna, hapo sijui.

Mama Nasra – Jumamosi, saa 4:05 usiku

Mwanangu, mie nilikuwa kama wewe nikaenda kung'oa. Miaka 6 sasa. Nilikuwa na haraka ya maumivu yaishe, na yaliisha siku ile ile, sikatai. Lakini hakuna aliyenambia yatakayofuata. Gego la nyuma limelalia pengo, hivi sasa limeinama kama mnazi wa ufukweni. La juu nalo limeteremka kwa kuwa halina wa kukutana naye, limekuwa refu kuliko wenziwe na likinigusa ufizi wa chini linauma. Upande ule sitafuni tena. Kila chakula nakitia kushoto, na sasa la kushoto nalo limeanza kuchoka.

Na baadaye nikaja kuambiwa kuwa jino langu lile pengine lilikuwa zima, kilichokuwa kikiliumiza ni dawa iliyojazwa kupita kiasi. Nililia. Jino la mtu mzima likishatoka halioti jengine. Usikubali kung'oa mpaka mtu akuangalie vizuri na akwambie kwa nini.

Natibu Meno – Jumamosi, saa 5:12 usiku

Mwalimu, pole sana. Kazi yangu ni meno, niko hapa hapa Pemba. Kupitia simu siwezi kujua kilichomo kinywani mwako, lakini naweza kukueleza kinachoendelea na maswali ya kujiuliza.

Sisi Waswahili tuna neno moja, ganzi, tunalitumia kwa mambo mawili. Ukila embe mbichi kwa chumvi na pilipili unasema meno yameingia ganzi. Ukipigwa sindano unasema mdomo umekufa ganzi. Moja ni kuhisi kupita kiasi na la pili ni kutohisi kabisa. Mgonjwa akinambia "jino lina ganzi" lazima nimuulize ganzi ipi, kwa sababu jino lisilohisi kabisa na jino linalohisi kila kitu hayatibiwi sawa.

Yako ni ile ya embe mbichi. Nje ya jino kuna gamba gumu lisilo na hisia. Chini yake ipo dentini, nayo ina vimirija vyembamba, maelfu kwa maelfu, vimejaa maji na vinaelekea kwenye kiini, ambako ndiko kwenye mishipa ya damu na ya fahamu. Ubaridi, upepo, sukari na ukali wa ndimu huyasogeza maji yale ndani ya vimirija, na kiini huhisi msogeo huo kuwa maumivu. Daktari anapochonga hufungua vimirija vingi kwa mara moja, na mashine nayo hutikisa na kupasha joto. Tundu likiwa limeingia ndani, kiini huwaka. Mara nyingi hutulia chenyewe, kwa siku chache au kwa wiki 2 mpaka 4.

Hiyo dawa nyeupe nayo ina taratibu zake. Jino hupakwa tindikali kwa sekunde chache, huoshwa, hupakwa gundi, kisha hujazwa kwa matabaka yasiyozidi milimita 2 hivi, kila tabaka likipigwa taa. Inapokauka hunywea, kama asilimia 2 au 3 ya ujazo wake. Tabaka likiwa nene mno, au mate yakiingia kabla gundi haijashika, hubaki mwanya usioonekana kwa jicho, na hapo ndipo maji ya vimirija yanapopata pa kuchezea. Sisemi kuwa aliyekutibu alikosea. Hata mkono hodari hukutwa na haya, khasa kwenye magego ya chini, ambako ulimi na mate havitulii.

Sasa la kutafuna. Ulipoambiwa "ng'ata", taya lilikuwa limekufa ganzi. Hukuweza kujua kama dawa imezidi. Jino lina hisia kali ajabu, linatambua kitu chembamba kuliko unywele. Dawa ikizidi hata kidogo, gego lile hupokea kishindo cha taya zima peke yake kila unapofunga mdomo, mchana kutwa na usiku unaposaga meno usingizini. Litauma mpaka sikioni, na ubaridi pia litauhisi zaidi.

Nijibu matatu. Ukinywa maji baridi, maumivu yanaisha ukishameza, au yanabaki dakika nzima na zaidi? Je, huja yenyewe bila kuguswa, yakakuamsha usiku? Na linalochoma ukitafuna ni gego lile lile linaloumia kwa baridi, au ni la pili?

Bint Mtambwe – Jumapili, saa 1:15 asubuhi

Ahsante sana tabibu, nimesoma mara mbili. Nimejipima sasa hivi kama ulivyouliza, maji ya mtungi, huku nahesabu kwa vidole. Yameisha kabla sijafika 10. Usiku nalala, hayaniamshi. Kahawa ya moto naisikia kidogo, nayo hupita.

Na umenigutusha kwa swali la tatu. Siku zote hizi nasema "yananiuma" kama kwamba ni moja. Nimeweka kijiti cha mswaki juu ya kila moja nikang'ata polepole. La nyuma ndilo linalochoma kwa kung'ata. La mbele halina neno kwa kung'ata, lakini ndilo linaloumia kwa baridi.

Natibu Meno – Jumapili, saa 2:40 asubuhi

Umefanya kazi nzuri kuliko wagonjwa wengi ninaowaona. Kwa hiyo una mambo matatu katika meno mawili, na kila moja lina dawa yake.

La nyuma, nionavyo, dawa imezidi. Huna haja ya kupanda meli. Nenda kitengo cha meno hospitali iliyo karibu nawe kesho, sema tu: "Limezibwa siku 10 zilizopita, likigusana na la juu linauma, naomba mnipime kung'ata." Watakutilia karatasi ya rangi baina ya meno, utang'ata, na pale palipozidi patabaki alama. Watapakwangua kidogo. Dakika 5, bila sindano. Na safari hii taya lako liko macho, kwa hiyo wewe ndiye mpimaji: usinyanyuke kitini mpaka uone yanakutana sawa pande zote.

La mbele, kwa kuwa huisha mara moja na haliji lenyewe, ni kiini kilichokasirika ambacho bado kina nafasi ya kupona. Lipe muda. Tafuta dawa ya mswaki ya meno yenye hisia kali, ile yenye potasiamu naitreti. Piga mswaki mara 2 kwa siku, tema bila kusukutua sana, na usiku paka kidogo kwa kidole juu ya jino ulale nayo. Haifanyi kazi kwa siku moja. Hesabu wiki 2 mpaka 4. Muda huo punguza ndimu, ukwaju, mbirimbi, soda na barafu.

Hapo katikati panaponasa nyama ndipo pasipoondoka kwa kusubiri. Magego yaliyopakana yanatakiwa yabanane. Dawa ikijazwa bila kubana, hubaki mlango, chakula huingia, ufizi huvimba, na baada ya muda tundu jipya huanza pembeni mwa dawa. Safisha kwa uzi wa meno kila usiku, na waoneshe kesho. Huenda likahitaji kuzibwa upya upande ule.

Maumivu yakizidi, mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini anaweza kunywa paracetamol, vidonge 2 vya miligramu 500, na asipite vidonge 8 kwa saa 24.

Mzee wa Mikarafuu – Jumapili, saa 4:30 asubuhi

Nyinyi mko Pemba mnaulizana dawa ya jino? Hii karafuu tunayoivunja migongo kuichuma dunia nzima inaitaka kwa jino. Msimu ndio huu, majamvi yamejaa barabarani. Chukua pamba, tia tone la mafuta ya karafuu, weka. Marehemu bibi yangu alitafuna karafuu nzima upande unaouma, akalala.

Natibu Meno – Jumapili, saa 5:05 asubuhi

Mzee wangu, shikamoo. Karafuu haipingiki. Kilichomo ndani yake kinaitwa yujenoli, ndicho sehemu kubwa ya mafuta yale, na sisi wenyewe tunakitumia: tukichanganya na unga wa oksaidi ya zinki tunapata ile simenti ya muda yenye harufu ya jikoni wakati wa pilau. Mtu akiingia chumbani kwangu mara ya kwanza husema "hapa pananukia kama Wawi, kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo ya karafuu." Hutuliza kiini vizuri kabisa.

Lakini kwa mwalimu nina mawili. Yujenoli inazuia ile dawa nyeupe isikauke vizuri, kwa hiyo jino linalosubiri kuzibwa upya kwa nyeupe tusiliroweshe mafuta ya karafuu. Na mafuta matupu yakimwagikia ufizi yanaunguza. Nimeona mtu amekuja na kidonda cheupe shavuni kikubwa kuliko tundu la jino lenyewe. Karafuu ni ya jino lililo wazi, kwa usiku mmoja au miwili, ukingoja daktari. Jino lililokwisha zibwa limefunikwa, mafuta hayafiki ndani.

Na nikiwa hapa: kile kidonge cha aspirini watu wanachokibandika ufizini, tafadhalini, hapana. Kinachoma nyama.

Baharia wa Fumba – Jumapili, saa 8:10 mchana

Naomba niseme yangu kwa sababu yalianza hivi hivi yakaishia kwengine, na mtu akisoma "subiri" peke yake anaweza kupotea kama nilivyopotea.

Niliziba jino la juu. Wiki ya kwanza baridi. Watu wakanambia subiri, nikasubiri. Wiki ya tatu baridi ikaacha kuuma, nikashukuru. Kumbe badala yake ukaja moto. Chai ikigusa, linauma, na halikomi, linabaki linapiga kama ngoma kwa nusu saa. Kisha likaanza kuja lenyewe usiku wa manane, nikilala chali ndiyo zaidi. Na cha ajabu, maji baridi ndiyo yaliyokuwa yakinituliza. Nilikuwa naenda baharini na chupa ya barafu kwa ajili ya jino.

Nikaenda duka la dawa nikanunua amoksisilini bila cheti. Nilikunywa siku 5, nikajiona nafuu, nikaacha. Wiki mbili baadaye nikaamka uso umevimba mpaka jicho limejifunga. Hapo ndipo nilipokwenda hospitali. Eksirei ikaonesha usaha kwenye ncha ya mzizi. Wakafungua jino, usaha ukatoka, na maumivu yakaanza kuniacha nikiwa bado kitini. Nilirudi mara 3 wakasafisha mizizi, wakaijaza, na baadaye likavishwa kofia. Jino ninalo mpaka leo, natafunia. Lakini nilikuwa karibu sana na balaa kubwa.

Dada, lako likiacha baridi na kuanza moto, au likiamka usiku, usikae hata siku moja.

Natibu Meno – Jumapili, saa 8:55 mchana

Ndugu yangu, Alhamdulillah uko salama. Ulilolieleza ndilo ninalotamani kila mtu alijue. Kiini kilichokasirika kinapona. Kiini kinachokufa hubadilisha lugha: moto badala ya baridi, maumivu yanayobaki baada ya kichocheo kuondoka, maumivu ya usiku yasiyo na sababu. Kikishakufa kabisa huweza kunyamaza siku kadhaa, na mtu akadhani amepona, kumbe vijidudu vinashuka kwenye mfupa. Kimya cha ghafla baada ya maumivu makali si habari njema.

Antibayotiki haifiki ndani ya kiini kilichokufa, maana hakuna tena damu ya kuipeleka. Hupunguza uvimbe wa nje, na chanzo kikabaki pale pale. Dawa ya jino lile ni kufunguliwa, au kung'olewa ikiwa haliokoleki. Na mtu yeyote mwenye uvimbe chini ya taya, homa, asiyeweza kufungua mdomo, au anayepata tabu kumeza au kupumua, asingoje kupambazuke. Aende hospitali saa hiyo hiyo, iwe Chake, iwe Mkoani, iwe Mnazi Mmoja. Mwenye kisukari awe mwepesi zaidi.

Ukwaju wa Kiembesamaki – Jumapili, saa 1:30 usiku

Samahani naingilia. Nina mimba ya miezi 5. Nina jino lililozibwa kwa ile dawa ya fedha tangu nikiwa skuli, haliniumi. Shoga yangu ananambia ina zebaki, nikaitoe haraka nisimdhuru mtoto. Tangu jana sina raha.

Natibu Meno – Jumapili, saa 1:52 usiku

Tulia, dada. Ni kweli, hiyo dawa ya fedha, yaani amalgamu, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, iliyofungamana na fedha, bati na shaba. Ikiwa nzima imetulia jinoni. Mvuke wa zebaki hutoka kwa wingi zaidi wakati wa kuichonga, kwa hiyo kuitoa sasa, wakati haina tatizo, ndiko kutakakokuongezea kile unachokikimbia. Iache mpaka ujifungue na umalize kunyonyesha, na hata baada ya hapo, kama haijavunjika haina haja ya kuguswa.

Shoga yako alilolisikia lina asili yake. Upo Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa 2013, na nchi zilizouridhia, Tanzania ikiwamo, zimekubaliana kuiacha amalgamu hatua kwa hatua na kutoitumia kwa watoto chini ya miaka 15 na kwa wenye mimba au wanaonyonyesha. Hayo ni kwa meno yanayozibwa sasa. Hayamlazimishi aliyekwisha zibwa kubomoa.

Mjukuu wa Bi Kidawa – Jumapili, saa 2:20 usiku

Hapo hapo kwenye fedha. Bibi yangu ana jino la dhahabu tokea ujana wake. Mwaka jana alizibwa kwa fedha jino la chini linalolingana nalo. Akawa anasema akifunga mdomo "umeme unanipiga." Sisi tukamwambia bibi, hakuna umeme kinywani. Baada ya mwezi ukaacha. Alikuwa anasema kweli?

Natibu Meno – Jumapili, saa 2:31 usiku

Alikuwa anasema kweli tupu, mwombeni radhi. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya mate hufanya umeme mdogo, kama betri, na jino lililozibwa karibuni huusikia. Amalgamu ikishapata utando juu yake, huisha.

Mama wa Micheweni – Jumatatu, saa 12:50 asubuhi

Nami nina la mtoto. Wa miaka 7, walikuja watu wa meno skulini kwao, wakamkwangua jino kwa vyuma vya mkono tu, bila mashine, bila sindano, wakajaza kitu cheupe kama chokaa. Baba yake amekasirika, anasema watoto wa shamba wanafanyiwa kazi nusu nusu. Mtoto mwenyewe hakulia.

Natibu Meno – Jumatatu, saa 1:20 asubuhi

Mwambie baba asikasirike. Hiyo ni njia kamili, haina unusu. Iliasisiwa hapa hapa Tanzania, kwenye chuo cha meno cha Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya mahali pasipo na umeme wala mashine, na leo inatumika nchi nyingi. Huondolewa kile kilichooza na kulainika peke yake, kisha hujazwa simenti ya glasi ionoma, ambayo hushikana na jino bila tindikali kali na hutoa floraidi polepole. Kwa kuwa hakuna mashine ya kutikisa kiini, watoto wengi hawapati hata hiyo ganzi ya embe mbichi tunayoizungumza hapa. Udhaifu wake ni kuwa hulika haraka kuliko nyingine kwenye tundu kubwa, basi mwangalie kila baada ya miezi 6. Na ubuyu wa rangi, mpunguzieni.

Bint Mtambwe – Jumatatu, saa 10:15 jioni

Nimetoka hospitali. Foleni ilikuwa ndefu, lakini dada aliyenihudumia, Mungu amlipe. Nilisema maneno yale yale niliyoandikiwa hapa. Akanitilia karatasi ya bluu. Gego la nyuma likatoka na doa la bluu pembeni, kubwa, na meno mengine yote ya upande ule hayana hata alama. Akanionesha kwa kioo. Yaani siku 10 taya langu lote limekuwa likisimama juu ya doa lile.

Kakwangua mara 3, kila mara nang'ata nasema bado. Mara ya nne nikasikia meno yote yamekutana, kama mlango ulioingia kwenye kizingiti chake. Nimerudi nyumbani nimetafuna muhogo upande wa kulia. Hapachomi tena. Pamebaki kama kidonda kinachopoa.

Ameona na lile pengo la katikati. Kasema dawa haikubana, atalifungua upande mmoja na kulijaza upya kwa utepe na kabari, lakini baada ya wiki 3, ili kwanza ajue gego la mbele linaelekea wapi. Kalijaribu kwa pamba yenye ubaridi, na meno ya upande wa kushoto pia ili alinganishe. Kasema liko hai, limekereka tu.

Mama alikuja nami. Alikuwa kimya mpaka tumefika nje, kisha akasema laiti angelijua habari ya karatasi ile wakati wake. Ana mapengo 5.

Mama Nasra – Jumatatu, saa 1:05 usiku

Nimesoma hili la mama yako nikakaa chini. Mpe salamu zangu.

Tabibu, nami naja kwako, unambie kama hili langu lililoinama linasaidika. Mtu wa umri wangu bado anaweza kuwekewa kitu?

Natibu Meno – Jumatatu, saa 1:30 usiku

Anaweza, mama. Umri haukatazi, muhimu ni ufizi na mfupa viwe vizima. Lililoteremka tutaliangalia, pengo linaweza kupata jino la bandia la kuvua na kuvaa, au daraja, yaani jino la bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani, kutegemea hali ya majirani hao. Njoo tu utazamwe.

Bint Mtambwe – wiki 5 baadaye, Ijumaa, saa 11:40 jioni

Niliahidi kurudi. Gego la nyuma liliacha kuuma ndani ya siku 4. La mbele lilikwenda polepole: wiki ya kwanza sikuona tofauti ya dawa ya mswaki, nikakaribia kuiacha. Wiki ya tatu nikajikuta nimekunywa maji ya mtungi kata nzima, nimeiweka chini ndipo nikakumbuka kuwa nina jino. Upepo wa asubuhi uliisha kabla ya hapo. Pengo la katikati limezibwa upya, uzi wa meno sasa unaingia kwa kubana na kutoka na mlio, ufizi umenywea. Safari hii ilipotoka ganzi ya sindano nilirudi kesho yake kupimwa kung'ata tena, bila kungoja liume.

Jana watoto wa darasa langu wamemaliza mitihani, wakaniletea embe mbichi za kwao, zimekatwa, zina chumvi na pilipili. Nikala upande wa kulia. Meno yameingia ganzi yote, ya juu na ya chini, kulia na kushoto, kama ya wao watoto, waliokuwa wakikunja nyuso pembeni yangu.

Mzee wa Mikarafuu – Ijumaa, saa 12:10 jioni

Alhamdulillah, mwalimu. Nami nimempeleka mke wangu kupimwa.